Msimu Ambao Mama Honi Alikatazwa Kusema

Pale kwenye maegesho ya malori hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Honi, naye alikuwa ameshalizoea kiasi kwamba barua ya benki ikija na jina la kwenye kitambulisho, aliitazama kwanza kama iliyokosea mlango. Madereva walimpa jina hilo kwa sababu ya sauti yake. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, chumba kimoja juu ya duka la kuchaji betri za magari, na dirisha lake lilitazama maegesho yote. Akitaka dereva wa lori la mwisho kule ukutani asogee, hakushuka ngazi wala hakupiga simu. Alifungua dirisha, akasema. Dereva alisogea, na wengine ambao hata hawakuhusika nao walisogea, kwa tahadhari tu.

Kazi yake ilikuwa udalali wa mizigo. Lori hakuwa nalo, shamba hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni watu. Mkulima mwenye nyanya zinazoiva alimpigia, mwenye lori linalorudi tupu alimpigia, naye akawakutanisha, akahakikisha kwamba lori lina bima, turubai halijatoboka, na mpokeaji wa sokoni ana watu wa kushusha. Miezi ya kawaida alisafirisha saruji, magodoro na mabati, vitu ambavyo vikichelewa vimechelewa tu. Msimu wa mazao ulikuwa na mambo yake. Nyanya, pilipili hoho na matikiti husafirishwa usiku, kukiwa na baridi, na lori likikwama njiani, anayefungua turubai asubuhi hukuta kreti zinachuruzika.

Kwa hiyo wiki za kabla ya msimu alizimaliza kwenye simu. Nani lori lake zima, nani ameuza, nani kagombana na dereva wake, nani keshamwahidi dalali mwingine huku akijifanya bado anafikiria. Alibembeleza, akatania, akagomba, akacheka, kisha akarudi kubembeleza. "Kazi yangu haitaki mikono," aliwahi kumwambia mumewe. "Inataka koo."

Mwaka huo koo likagoma.

Lilianza na mafua ya kawaida. Mafua yakaisha, ukwaruzo ukabaki. Akanywa maji ya moto, akanywa asali, akafunga kitambaa shingoni, na akaendelea kupiga simu kwa sauti iliyokuwa inakatika kama redio yenye betri zilizokwisha. Kisha asubuhi moja akaona lori linarudi nyuma moja kwa moja kuelekea nguzo ya taa. Akafungua dirisha, akavuta pumzi, akafumbua mdomo. Hakikutoka kitu. Nguzo ikalala juu ya kibanda cha muuza vocha, ambaye bahati nzuri alikuwa ametoka kwenda kuchenji hela. Dereva akashuka, akatazama juu dirishani, akauliza kwa mshangao wa kweli, "Mama Honi, mbona hukuniambia?"

Daktari wa koo alimwingiza mrija mwembamba puani, akatazama kwenye kioo, akasema ana vinundu kwenye nyuzi za sauti. Dawa ilikuwa moja: kunyamaza mpaka atakapomruhusu.

Mama Honi akaanza kumweleza kuhusu nyanya. Daktari akanyanyua kidole.

"Hicho hicho ndicho ninachokikataza."

Akajaribu kunong'ona.

"Na kunong'ona pia. Kunong'ona ni kubaya zaidi. Ukikaidi, tutakuja kukata, na tukishakata sikuahidi sauti utakayobaki nayo."

Akatoka hospitali amefunga mdomo kama aliyeshika sindano kwa meno.

Karani wake alikuwa amejifungua na yuko nyumbani na mtoto, kwa hiyo ofisini hakukuwa na mtu wa kumshikia simu. Akajaribu ujumbe wa maandishi. Nusu ya wenye malori hawakujibu, maana walikuwa watu wa kusikia, si watu wa kusoma. Mmoja alijibu haraka sana: "Tapeli wewe, tafuta kazi. Mama Honi haandiki, Mama Honi anapiga kelele." Akamzuia namba.

Mumewe akajitolea. Alikuwa mpima ardhi, mtu mpole anayeweza kumaliza siku nzima porini na darubini yake asiseme zaidi ya "kulia kidogo" na "hapo hapo". Akapiga simu ya kwanza mkewe akiwa amesimama pembeni. Upande wa pili wakasema maneno mengi. Mume akasikiliza kwa makini, akasema, "Haya," akakata.

Mama Honi akamtazama kwa macho ya kuuliza.

"Amesema atafikiria," mume akaeleza.

Mama Honi akachukua ubao mdogo wa chaki wa mwanawe, akaandika: HUJAMUULIZA KITU.

"Sikupata nafasi," akasema mume, na ikawa ndiyo mwisho wa udalali wake.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nao kwa ajili ya kutengeneza meno. Alikuwa muuguzi mstaafu, miaka yote alifanya kazi wodi ya wazazi, na alikuwa mwanamke wa adabu kamili: hakuinua sauti, hakuingilia chakula kikiwa jikoni, hakuingia chumba chochote bila kubisha, hata sebuleni. Yeye na mkwewe walikuwa wameishi miaka mingi kwa heshima isiyo na kosa wala joto. Mezani alichagua kiti cha mbali, na Mama Honi alijua kwa nini. Kelele. Mwanawe wa kiume alikuwa ameoa king'ora, na yeye kama mama alikuwa amekubali, kwa masharti ya kukaa mbali kidogo.

Jioni moja simu iliita mezani, ikakatika, ikaita tena. Mama Honi aliitazama kama mtu anayetazama maziwa yakichemka akiwa amefungwa mikono. Ilipoita mara nyingine, mama mkwe akaweka kijiko chini, akafuta vidole, akaichukua.

"Halo. Unaongea na nani, mwanangu?" Akasikiliza. "Hapana, hajambo, ila koo linamsumbua, daktari amemnyamazisha. Mimi ni mama yake mkwe. Ehe. Asante, nimeshapoa. Na nyumbani kwako je? Mgongo? Tangu lini?"

Mazungumzo ya mgongo yakachukua muda mrefu. Mama Honi aligonga meza kwa chaki. Akaandika: MUULIZE LORI ZIMA AU BOVU. Mama mkwe akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na mgongo. Alipomaliza akaweka simu chini.

"Lori lake zima, turubai jipya, ila utingo wake anaoa mwanzoni mwa msimu, kwa hiyo atakuwa peke yake safari za mwanzo. Mwambie mke wake alale chali, aweke mto chini ya magoti." Akafikiri kidogo. "Hilo la mto nimeshamwambia mwenyewe."

Mama Honi akabaki ameshika chaki. Habari ya utingo hakuna dereva ambaye angemwambia. Angeigundua lori likiwa njiani na dereva anasinzia peke yake.

Kesho yake wakaenda ofisini pamoja. Mama mkwe alivaa gauni lake la kutokea, akaweka mkoba mapajani, akakaa kwenye kiti cha karani kama anayesubiri kuitwa. Mama Honi alimfungulia orodha ya wenye malori, akamwonyesha kwa kidole, na kazi ikaanza. Ilikwenda polepole mno. Mama mkwe alimsalimia kila mtu mpaka salamu ikaisha yenyewe. Hakumkatiza mtu. Watu wakimpa jibu la kukwepa hakubishana, alinyamaza tu, na ule ukimya ulikuwa na uzito fulani, maana baada ya muda mtu alianza kusema mwenyewe. Mwenye malori mmoja, ambaye kila mwaka alimzungusha Mama Honi mpaka dakika ya mwisho, alivumilia ukimya huo kwa pumzi chache tu.

"Kusema kweli, mama," akasema, "malori yangu mawili nimeshampa yule dalali wa ng'ambo ya barabara. Lakini moja lipo. Hilo niandikieni."

"Asante kwa kutuambia, mwanangu," akasema mama mkwe. "Ungetuacha tunangoja ingekuwa vibaya."

"Kweli, mama. Nisamehe."

Mama Honi hakuwahi kuombwa radhi na mtu huyo. Akainuka akaenda dirishani kwa muda, akajifanya anaangalia nguzo mpya ya taa.

Simu ya Mzee Taratibu waliifikia mchana. Huyu alikuwa dereva mwenye lori lake mwenyewe, na jina hilo alipewa kwa uendeshaji wake: hakuwahi kupindua, hakuwahi kuchelewa, na hakuna aliyewahi kumwona akimpita mtu. Mama Honi alipokuwa bado karani wa mizani, anataka kuanza udalali na wenye malori wanamcheka, Mzee Taratibu ndiye aliyemwambia, "Nipakie mimi, mwanangu, tuone." Tangu hapo, lori la kwanza kupakia kila msimu lilikuwa lake. Kumpigia ilikuwa kutimiza desturi tu. Mama Honi alikuwa ameshamwandika.

"Lori liko tayari," akasema mzee. "Nilikuwa nauliza tu, mama, mwaka huu hakuna mzigo wa mchana?"

"Wa mchana?"

"Hata wa karibu. Nyanya za kutoka shambani kwenda banda la kukusanyia."

Mama mkwe alihamisha simu sikio la pili. "Macho yako yakoje, baba?"

Mzee akanyamaza, naye akamwacha anyamaze.

"Taa," akasema mwishowe. "Gari likija mbele yangu usiku, taa zake zinamwagika kioo kizima. Siioni barabara. Nafuata ule mstari mweupe, na utingo ananiambia kulia, kushoto. Lakini naenda polepole, mama. Wewe uliza mtu yeyote."

"Nasikia. Ila hili siwezi kukufichia, baba. Anayepanga mizigo ni mkwe wangu, na nitamwambia. Nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuzunguka."

Mzee akakata simu. Mama mkwe akamweleza Mama Honi yote, bila kuongeza wala kupunguza. Mama Honi akashika chaki, akaandika neno, akalifuta kwa kiganja, akaandika jingine, akalifuta nalo. Mwisho akachukua mkoba na ubao wake akashuka ngazi.

Alimkuta mzee kwenye uwanja wa nyuma ya gereji, anapaka rangi mbao za ubavuni mwa lori. Alikuwa amesogeza uso karibu na mbao kama anayezinusa. Mama Honi akaandika, akamnyooshea ubao. Mzee akausogeza mbali, akausogeza karibu, akauelekeza kwenye jua, akasoma kwa sauti, neno moja moja: "Usiku... hapana. Nitakupa... mchana."

Akarudisha ubao.

"Unakuja kuniachisha kazi kwa chaki?"

Mama Honi akatikisa kichwa kukataa. Mzee akaweka brashi juu ya kopo.

"Ulikuwa huna hata kiti. Nilikaa na wewe kwenye ngazi za mizani tunaandika mzigo wa kwanza kwenye goti. Leo una ofisi na una mama wa kunipekua kwa simu." Alisema mengine, na hakuyasema kwa hasira tu. Alisema tangu mkewe afariki anakula ndani ya lori na kulala ndani ya lori, na nyumbani huenda kufagia. Alisema mzigo wa shamba kwa banda ni kazi ya vijana wanaojifunza gia, na watamcheka. Siku nyingine Mama Honi angekuwa ameshamkatiza mara kumi, amemtania, amemshika bega, amempa ahadi, na mzee angecheka na mambo yangeisha hewani. Sasa alisimama na kusikiliza mpaka mwisho. Aliumia vibaya. Akafumbua mdomo.

"Usiseme," akasema mzee. "Daktari kakukataza. Na mimi daktari kanikataza, tangu mwaka jana. Nina mtoto wa jicho, anasema, macho yote. Wewe umemsikia wako. Mimi wangu sikumsikia." Akachukua brashi. "Nenda, nina rangi inakauka."

Siku chache zilipita. Mashamba ya bondeni yalianza kupiga simu, nyanya zinageuka rangi. Kisha muuza vocha, ambaye alikuwa amejengewa kibanda kipya na hana kinyongo, akawaletea habari kwamba Mzee Taratibu amejiandikisha kwa dalali wa ng'ambo ya barabara. Mzigo wa vitunguu, safari ndefu, usiku.

Mama Honi alikaa na habari hiyo kiti kikimwuma. Akinyamaza, mzee ataondoka na lori lake na taa zinazomwagika. Akisema, atakuwa amemwaibisha mtu aliyemshika mkono kabla ya wote, tena mbele ya mshindani wake. Alimtazama mama mkwe kama anayetaka aamuliwe.

"Mimi nitapiga simu," akasema mama mkwe. "Lakini siamui. Mtu wako huyu, mwanangu, si wangu."

Mama Honi akaandika: PIGA.

Dalali wa ng'ambo alishukuru, akasema angejua asingempakia. Vilevile hakuweza kufunga mdomo wake, na kabla ya jioni maegesho yote yalikuwa yamejua kwamba Mzee Taratibu haoni usiku.

Alikuja asubuhi. Walimsikia akipanda ngazi, hatua kwa hatua, mkono ukipapasa ukuta. Alisimama mlangoni, hakuvua kofia.

"Mmenivua nguo," akasema.

"Ndiyo, baba," akajibu mama mkwe. "Tumekuvua. Kaa."

Alikuwa amejiandaa kwa mabishano, na kukosa mabishano kulimmaliza nguvu. Akakaa. Mama mkwe akamwekea maji. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu akatazwe kusema, Mama Honi hakuonekana kuteseka nao ule ukimya. Kisha akasogeza kiti chake, akaandika, na safari hii akaandika kwa herufi kubwa: NISAMEHE KUKUAIBISHA. KUKUZUIA SIOMBI RADHI.

Mzee akasoma. Akasoma tena. "Hilo banda," akasema, "liko umbali gani na shamba?"

Mama mkwe akamweleza.

"Na foleni ya wapasuaji wa macho? Wewe ulikuwa hospitali, unawajua."

"Foleni ni ndefu. Lakini ukiandikishwa leo ni fupi kuliko ukiandikishwa kesho. Twende, nitakusindikiza."

Wakaondoka pamoja, mama mkwe na mkoba wake, mzee na kofia yake, na ofisi ikabaki na mtu asiye na sauti na simu inayoita. Mama Honi aliiacha iite. Baadaye aliitumia namba ile ujumbe: "Mama anarudi saa sita." Wakamjibu: "Sawa, tunamsubiri mama."

Msimu ulifunguka na lori la kwanza lililopakia halikuwa la Mzee Taratibu. Lilikuwa la yule mwenye mke wa mgongo, na Mama Honi alilitazama likitoka getini bila furaha ya miaka mingine. Mzee alifanya kazi ya shamba kwa banda, kutwa mara kadhaa, kreti za nyanya juu na vumbi chini. Vijana walimcheka kama alivyosema. Walimcheka wiki moja, kisha wakagundua kwamba nyanya zake zinafika bila kupondeka na mwenye banda anamtaka yeye, wakaacha.

Daktari alimruhusu Mama Honi kusema mvua zikiwa zimepungua. Kidogo kidogo, alionya, na dirisha lisahaulike. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya chini, kama ya dada yake mkubwa ambaye hakuwa naye. Dereva wa kwanza kuisikia akauliza, "Samahani, naomba kuongea na Mama Honi." Watoto wake walicheka mpaka wakakaa chini. Mume alisema anaipenda, na yeye akisema kitu namna hiyo amesema.

Mama mkwe, ambaye meno yake yalikuwa yameshatengenezwa siku nyingi, hakutaja kuondoka, na hakuna aliyemuuliza. Ila Mama Honi aliona kwamba mezani amehamia kiti cha karibu. Simu za asubuhi zikawa za mama mkwe, za mchana zikawa zake. Karani aliporudi kutoka uzazi alikuta kiti chake kina mtu, ikabidi kinunuliwe kingine.

Mambo na Mzee Taratibu hayakurudi yalivyokuwa. Alimfanyia kazi, alifika kwa wakati, lakini zamani alimwita "mwanangu", na sasa alimwita "bosi", na hakuwa anatania. Mama Honi alilimeza hilo. Akiulizwa, alisema tu kwamba mzee ni mzima na anaendesha. Aliyebaki na maneno ya mzee ni mama mkwe, aliyempigia kila asubuhi kumuuliza matone ya dawa.

Walimpasua jicho la kwanza matikiti yakiwa yanamalizika. Kitambaa kilipotolewa alikuja ofisini moja kwa moja kutoka hospitali, akapanda ngazi bila kugusa ukuta, akawapita wote hadi dirishani. Akaanza kusoma namba za malori yaliyoegeshwa, moja baada ya nyingine, kwa sauti, herufi na tarakimu, mpaka akafika lile la mwisho kule ukutani, akalisoma nalo, pamoja na maandishi madogo ya mlangoni yanayosema uzito wa mwisho.

"Basi, baba," akasema mama mkwe. "Tumekuamini. Kaa chini, bado jicho la pili."

Mzee akakaa. Akamgeukia Mama Honi, akamtazama vizuri kwa muda, kwa jicho lake jipya.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe," akajibu Mama Honi kwa ile sauti yake ya chini, na akamsogezea karatasi za mzigo wa kabichi, wa mchana.